Kosa Likageuka Kufuli

Dada yangu na binti wa jirani walikuwa na lugha yao. Wakitaka kuniteta mbele yangu walisema kinyume: kalamu ikawa "mukala", chakula kikawa "lachaku", na jina langu nalo likakatwa mkia ukabandikwa kichwani. Ilinichukua kama wiki moja kuigangua. Nilipoigangua sikumwambia mtu. Nilikaa palepale na kokoto zangu nikiwasikiliza miezi kadhaa, mpaka siku nilipocheka mahali ambapo mtoto asiyejua kinyume asingecheka.

Udhaifu wa kinyume ni wa mafumbo yote ya ukoo wake: anayeijua kanuni anajua yote. Wahenga walishasema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ufichaji wa kisasa, huu unaolinda WhatsApp na benki, ulikubali hilo na kuongeza jambo moja: kanuni iwe hadharani, lakini pawe na ufunguo, yaani namba ndefu ambayo mwerevu hana. Akiupata, au akipata mashine ya kuutafuta haraka, tumerudi kwenye kokoto.

Ipo njia nyingine ya kumfungia mtu nje, na imetoka mahali ambapo usingeitafuta: nadharia ya usimbaji, taaluma ambayo kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kuhakikisha ujumbe unaeleweka, si kuuficha.

Hapa neno "msimbo" linachanganya watu, kwa hiyo tulitenge. Msimbo ninaouzungumzia hauna siri yoyote ndani yake. Mtu akikupigia simu akiwa ndani ya daladala, akitaka umtumie pesa, hataji namba mara moja na kukata. Anaitaja, anairudia tarakimu mbilimbili, halafu anamalizia: "Jina litakuja Rehema." Namba ina tarakimu kumi tu. Marudio na jina ni ziada, na ziada hiyo ndiyo inayokuokoa konda anapopiga kelele katikati ya tarakimu ya saba. Ukikosea, jina litakalotokea kwenye simu yako halitakuwa Rehema. Huo ni msimbo wa kugundua makosa, na umeutumia miaka yote bila kwenda chuo.

Aliyeifanya ziada hiyo iwe hesabu ni Richard Hamming wa maabara za Bell Labs, Marekani. Kompyuta aliyokuwa akiitumia iliweza kugundua kwamba imekosea, lakini mwishoni mwa wiki, wakati hapakuwa na mtu wa kuiangalia, ikikosea iliitupa kazi yake na kuendelea na ya mwingine. Hamming alirudi Jumatatu akakuta hakuna jibu. Hasira yake ilikuwa ya haki: mashine yenye akili ya kujua kwamba kuna kosa ishindwe vipi kujua kosa liko wapi? Mwaka 1950 akachapisha msimbo wake. Nitauonyesha wote, kwa sababu kila kitu kinachofuata kimejificha ndani yake.

Chukua biti saba, yaani nafasi saba ambazo kila moja ina 0 au 1. Zipange katika makundi matatu yanayoingiliana. Kundi la kwanza ni nafasi ya 1, 3, 5 na 7. La pili ni 2, 3, 6 na 7. La tatu ni 4, 5, 6 na 7. Sharti la Hamming: kila kundi liwe na idadi shufwa ya moja, yaani moja ziwe hazipo kabisa, ziwe mbili au ziwe nne. Mpokeaji anahesabu tu. Akikuta kundi la kwanza na la tatu yana idadi witiri lakini la pili limetulia, anajua biti iliyogeuka ni ya nafasi ya 5, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomo katika la kwanza na la tatu bila kuwemo katika la pili. Anaigeuza, kazi imekwisha. Kila mchanganyiko wa witiri na shufwa unaonyesha kidole mahali pamoja tu.

Mwenzake Hamming palepale Bell Labs alikuwa Claude Shannon. Mwaka 1948 alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano yenye kelele ina kiwango chake: chini ya kiwango hicho, msimbo mzuri utafikisha ujumbe karibu bila kosa, juu yake, haiwezekani. Mwaka uliofuata akachapisha makala ya pili, safari hii kuhusu siri, na habari yake ilikuwa chungu. Ukitaka siri kamili, ambayo mwerevu hata awe na muda wa milele hapati chochote, unahitaji ufunguo mrefu kama ujumbe wenyewe, na usiutumie mara mbili. Gunia la mchele, gunia la funguo.

Lakini ndani ya hoja ya Shannon kulikuwa na dhana ambayo watu wengi waliipita bila kuigusa: kwamba mdukizi anapata kila herufi kama ilivyo, sawasawa na mpokeaji. (Ninasema mdukizi, yule anayetega sikio mazungumzo ya wenzake, si mdukuzi anayevunja kompyuta. Kiswahili kimetupa maneno mawili, tusiyachanganye.) Je, mdukizi daima anasikia vizuri kama mlengwa? Anayetega sikio ukutani hasikii sawa na aliye chumbani.

Mwaka 1975 Aaron Wyner, naye wa Bell Labs, aliishika dhana hiyo na kuivunja. Akauliza: tuseme mdukizi anasikia, ila anasikia vibaya kidogo kuliko mlengwa. Kanuni zote anazijua. Ufunguo hakuna, kwa yeyote. Je, siri inawezekana? Jibu lake likawa ndiyo, na nyenzo yake ni misimbo ya akina Hamming, ila imevaliwa ndani nje.

Anza na mfano mdogo kabisa. Nataka kukutumia biti moja ya siri, na najua mdukizi ataona biti moja tu kati ya mbili ninazotuma, ingawa sijui ni ipi. Siri ikiwa 0, natuma 00 au 11, nikichagua kwa kurusha shilingi. Siri ikiwa 1, natuma 01 au 10, vilevile kwa shilingi. Wewe unaona zote mbili: zikifanana ni 0, zikitofautiana ni 1. Mdukizi ameona, tuseme, 1. Imetoka kwenye 11 au kwenye 10? Hajui, na hakuna kompyuta itakayomsaidia, kwa sababu hakuna cha kukokotoa. Shilingi ilikwishaamua na haikumwambia mtu. Hii si siri inayotegemea ugumu wa hesabu; taarifa yenyewe haipo mikononi mwake.

Sasa rudi kwa biti saba za Hamming. Yeye alitaka makundi yote matatu yawe shufwa, na lolote lisilo shufwa lilikuwa dalili ya kosa. Sisi tunasema: dalili hiyo ndiyo ujumbe. Witiri ni 1, shufwa ni 0, na makundi matatu yanabeba biti tatu za siri.

Tuseme siri ni 101: la kwanza witiri, la pili shufwa, la tatu witiri. Narusha shilingi mara nne kujaza nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Zimetoka 1, 1, 0, 1. Kundi la kwanza tayari lina moja tatu, na tunataka witiri, kwa hiyo nafasi ya 1 ni 0. La pili lina moja mbili, tunataka shufwa, kwa hiyo nafasi ya 2 ni 0. La tatu lina moja mbili, tunataka witiri, kwa hiyo nafasi ya 4 ni 1. Natuma 0011101. Shilingi zingeanguka tofauti ningetuma kitu kingine kabisa. Kuna namna 16 za kuandika siri hiyohiyo. Mpokeaji wala hahitaji kujua shilingi zilianguka vipi. Anahesabu makundi yake matatu, anasoma 101. Kwa Hamming 101 ilikuwa kilio cha "nafasi ya 5 imeharibika". Kwetu ni barua.

Mdukizi mwache achague biti tatu zozote. Achague kwa akili, aangalie nafasi ya 3, 5 na 7 ambazo zote zimo katika kundi la kwanza. Amekuta moja tatu. Kundi lina nafasi nne, na ile ya nne, nafasi ya 1, ndiyo inayoamua kama jumla ni shufwa au witiri. Hajaiona. Hata akijaribu ujanja wa kujumlisha kundi kwa kundi, kila mchanganyiko wa makundi haya unamdai nafasi nne kamili, na yeye ana tatu. Siri zote nane zinabaki mezani, na kila moja ina namna mbili hasa za kukubaliana na alichoona.

Akiongeza biti ya nne mambo yanabadilika, lakini taratibu. Kati ya namna 35 za kuchagua nafasi nne, ni 7 tu zinazomvujishia kitu, nacho ni biti moja ya siri kati ya tatu. Napenda uvujaji wa namna hii unaopimika. Kufuli nyingi ama zimefungwa ama zimevunjwa. Hapa unaweza kukaa na kalamu ukahesabu mwizi amechukua nini hasa.

Wyner aliufanyia kazi mfano huu wa mdukizi anayechagua sehemu akiwa na Lawrence Ozarow, wakauchapisha mwaka 1984. Usidhani ni mchezo wa karatasi tu. Mwenye data za kupeleka ng'ambo kutoka Dar es Salaam au Mombasa ana zaidi ya kebo moja ya baharini: SEACOM ilifika mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Ujumbe uliogawanywa namna hii katika njia kadhaa haumpi chochote anayechungulia njia moja, hata awe ameikalia usiku na mchana.

Katika makala ya kwanza ya Wyner, ile ya 1975, mdukizi haoni sehemu tu bali anasikia yote kupitia kelele zaidi, kama redio inayokoroma. Kanuni ni ileile. Sikio lake, kwa hesabu ya Shannon, lina kiwango cha mwisho cha taarifa linachoweza kumeza. Basi unachanganya na siri bahati nasibu ya kutosha kulijaza sikio hilo pomoni. Ni kama mgeni asiyealikwa: unamshibisha uji, pilau ikija hana nafasi. Mpokeaji halali, mwenye tumbo kubwa zaidi, anakunywa uji na kula pilau. Tofauti kati ya matumbo mawili ndiyo kiasi cha siri unachoweza kupitisha. Mwaka 1978 Imre Csiszár na János Körner wa Hungaria walilipanua wazo hilo hadi kwenye mazingira ambayo Wyner hakuyashughulikia.

Tatizo lake unaliona. Nani atakuhakikishia ukubwa wa tumbo la mdukizi? Leo yuko mbali na antena ndogo. Kesho kanunua kubwa, au kapanga chumba mkabala na dirisha lako. Mpokeaji unaweza kumpima, kwa sababu anataka kupimwa. Adui hajitokezi kliniki. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu wazo la Wyner, pamoja na uzuri wake wote, limekaa zaidi kwenye majarida kuliko kwenye simu.

Ueli Maurer, mtaalamu wa Uswisi, alipunguza makali ya tatizo hilo mwaka 1993. Tuseme setilaiti inarusha biti za bahati nasibu, na watu watatu wanazisikia: mimi, wewe na mdukizi, kila mmoja na makosa yake, na mdukizi ndiye mwenye antena bora kuliko sisi sote. Mimi na wewe tunazungumza hadharani, yeye akisikiliza. Natangaza kama biti yangu ya kumi na ya kumi na moja zinafanana au la. Wewe unasema kama zako zinakubaliana na tangazo langu. Zisipokubaliana tunazitupa. Zikikubaliana tunabaki na moja. Tukirudia, tunabaki na biti ambazo mimi na wewe tumezisikia sawa, kwa sababu tulizichagua kwa makubaliano yetu, si ya mdukizi. Makosa yake hayakushauriwa, na hatimaye tunamwacha nyuma licha ya antena yake. Tukishapata biti za kutosha tunazikamua, kundi zima liwe biti chache, mpaka kile kidogo anachojua kiishe. Ukamuaji huo ni kazi ya kila siku katika mawasiliano ya siri yanayotumia chembe za mwanga.

Ziada hiyohiyo inayomwokoa mpokeaji inaweza kumwokoa mdukizi, ukiiweka pasipostahili. Simu za GSM, yaani kizazi cha pili, hiki ambacho kitochi nyingi zinakitumia hadi leo, ziliundwa ili sauti iwekewe msimbo wa kusahihisha makosa kwanza, kisha ifichwe kwa ufunguo. Ilipasa kuwa kinyume chake. Kwa mpangilio huo, kilichofichwa kina mpangilio unaojulikana: biti fulani lazima zikubaliane na biti fulani. Mwaka 2003 Elad Barkan, Eli Biham na Nathan Keller, watafiti wa Israeli, walionyesha kwamba hilo linatosha kumpa mdukizi pa kushika. Hahitaji kujua neno hata moja la mazungumzo. Anachukua alichonasa hewani, anakidai kitimize masharti ya msimbo, na ufunguo unaanza kuchungulia. Kwenye ufichaji dhaifu wa A5/2 kazi hiyo ilikuwa ya chini ya sekunde moja kwenye kompyuta ya kawaida. Ni kama yule wa daladala angeficha namba yake kwa ustadi lakini akakupa uhakika kwamba inarudiwa mara mbili.

Na sasa mwaka 1978, mwaka ambao RSA, mfumo wa ufichaji unaokuruhusu kutangaza ufunguo wa kufungia na kubaki na wa kufungulia, ulichapishwa na kuanza kuitawala dunia. Mwaka huohuo Robert McEliece, mtaalamu wa misimbo, aliandika kurasa chache katika ripoti ya JPL, maabara ya California inayosikiliza vyombo vya angani. Mahali penyewe panafaa. Chombo cha Voyager, kilichorushwa mwaka mmoja kabla, kilikuwa kinanong'ona kutoka mamilioni ya kilomita, na misimbo ndiyo iliyofanya mnong'ono huo uwe picha.

Hamming alipigana na kosa. Wyner aliliazima kutoka kwa kelele. McEliece alilipanda kwa mkono.

Njia yake ni hii. Ninaunda msimbo wenye uwezo wa kusahihisha makosa 50 katika biti 1024. Nautoa kwenye familia ya misimbo ya Goppa, ambayo ina njia ya haraka ya kusahihisha kwa anayejua muundo wake wa ndani. Kisha naukoroga: nabadilisha mpangilio wa nafasi, nachanganya safu, mpaka jedwali linaloueleza lionekane kama fujo tupu. Jedwali hilo natangaza hadharani. Wewe, ambaye hatujawahi kukutana, unalitumia kugeuza biti zako 524 kuwa 1024, halafu unaziharibu makusudi nafasi 50 unazozichagua kwa bahati nasibu, na kunitumia. Mimi nakorogoa, nasahihisha, nasoma. Mdukizi ana jedwali, ana ujumbe wako, na ana makosa 50 asiyojua yako wapi. Namna za kuyapanga ni namba yenye tarakimu 86.

Hazihesabu zote, bila shaka. Anachofanya ni kubahatisha nafasi 524 akiomba zisiwe na kosa hata moja, kisha kutatua milinganyo ya kawaida. Asipofaulu anabahatisha tena. Wavamizi wa miaka yote wameboresha ubahatishaji huo, na mwaka 2008 Daniel Bernstein, Tanja Lange na Christiane Peters waliuvunja mfumo kwa vipimo vyake vya awali. Lakini hawakuvunja wazo. Ilibidi namba ziongezwe tu, wakati mifumo mingi ya umri wake imekwisha kuzikwa.

Aina ya msimbo ndiyo yenye uzito. Mwaka 1986 Harald Niederreiter alipendekeza ndugu wa mfumo huu akitumia misimbo ya Reed-Solomon, ile inayofanya kile kibandiko cha mraba cha malipo dukani kisomeke hata kikiwa na doa la mafuta. Mwaka 1992 Warusi wawili, Sidelnikov na Shestakov, walionyesha kwamba misimbo hiyo ina nidhamu kupita kiasi: hata ukiikoroga, sura yake inaonekana. Goppa haijaonekana.

Kwa nini basi hatukuutumia tangu 1978? Uzito. Jedwali la McEliece lilikuwa kama kilobaiti 67, wakati ambapo ufunguo wa RSA ulienea kwenye mistari michache. Hakuna aliyetaka kubeba kabati ilhali kuna mkoba. Mwaka 1994 Peter Shor akaonyesha kwamba kompyuta ya kwanta, yaani inayokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo kabisa, ikijengwa kubwa ya kutosha, itaufungua mkoba wa RSA. Kabati haligusi. Ghafla watu wakaanza kuulizana kama mlangoni linapita.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotafuta mifumo ya kuhimili kompyuta hizo, ilichagua kwanza ile inayotegemea hesabu za namna nyingine, na Machi 2025 ikaongeza HQC kama akiba, mfumo mwingine unaotegemea misimbo, wenye ufunguo mdogo kuliko wa McEliece. HQC ni kifupi cha maneno matatu. La kwanza ni Hamming. McEliece mwenyewe, katika sura yake ya leo, bado yupo kwa wanaomtaka. Ufunguo wake mdogo kabisa una baiti 261,120, uzito wa picha ya harusi iliyobanwa ikatumwa kwenye kundi la familia. Ujumbe uliofichwa kwa ufunguo huo hauzidi baiti 128, na siri inabebwa na makosa yenyewe tu.